Riziki Ingojayo Ng'ambo

Mara nyingi nasikia vijana wa Unguja wakihurumiwa kwamba riziki yao hungoja watalii. Nami, mtu wa Shinyanga, hujiuliza: je, sisi twangoja nini? Mwaka 2020 korona iliwazuia wageni, ikaangusha na soko la almasi; mgodi wa Mwadui ukasimama hadi 2021. Mgodi ukisimama, hakosi kazi mchimbaji peke yake, bali na mama lishe na fundi baiskeli. Mwaka huohuo dhahabu, tegemeo la jirani zetu wa Geita, ilivuka dola 2,000 kwa wakia. Bei zote hizo hupangwa ng'ambo. Kijana, chimba, lakini jaruba la mpunga usiliuze. Pamba nayo hungoja mnunuzi; mpunga, akikosekana, tutaula.