Wakanda ya Pili, Kutoka Butembo

Jumatano, 1 Februari 2023

Jana Papa Fransisko alisema Kinshasa maneno ambayo leo mtaa mzima unayarudia: watoe mikono yao Kongo, waitoe mikono yao Afrika, bara hili si machimbo ya kuporwa. Tulitamani ayasemee Goma, kama ilivyopangwa mwaka jana, lakini vita vimeifuta sehemu hiyo ya safari. Leo amewapokea watu wa upande wetu, wa Butembo-Beni, Bunia, Goma na Bukavu, kwenye ubalozi wa Vatikani, nao wamemweleza waliyotendewa. Mama yangu amezima redio katikati. Amesema hayo anayajua.

Darasani hakuna aliyetaka somo. Kijana mmoja wa nyuma akasimama: "Prof, Papa anasema kama T'Challa." Kelele zikaanza, na kumbe hoja yenyewe ilikuwa nyingine. Black Panther ya pili, filamu ya Wakanda, nchi ya kubuni ya mfalme T'Challa, imeingia mjini kwenye flashi iliyotoka Kampala kupitia mpaka wa Kasindi, na walioiona wamegawanyika. Wavulana karibu wote wanasema ya kwanza haina mfano, hii ya pili ni vilio tu. Wasichana wanasema wavulana hawakuangalia, walikuwa wanasubiri mapigano. Wakaniomba niwaamue. Nimesema nitaiangalia kwanza.

Jumamosi, 4 Februari

Nimeiona. Ukumbi ni chumba cha mbao nyuma ya soko: mabenchi, televisheni moja bapa ukutani, jenereta nje. Filamu inazungumza Kifaransa, na kijana mwenye maikrofoni anaifasiri kwa Kiswahili chetu cha Butembo, akitia na Kinande panapohitaji ukali. Si mfasiri wa maneno tu. Anawaonya walio kwenye skrini, anawapa pole wafiwa, anamtukana adui kwa niaba yetu.

Pale Malkia Ramonda anapoingia Umoja wa Mataifa, kijana yule alinyamaza. Wajumbe wanalalamika kwamba Wakanda inawanyima vibranium, metali yake ya ajabu. Milango inafunguka, wanaletwa askari wa Kifaransa, mikono imefungwa, wanapigishwa magoti mbele ya wajumbe wote. Walikuwa wamevamia kituo cha Wakanda huko Ansongo, nchini Mali, kwenda kuiba metali. Ukumbi mzima ulisimama. Mji huu mwezi wa saba mwaka jana ulizika watu baada ya maandamano dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, na walinda amani wenyewe walikufa hapa tarehe 26. Onyesho la malkia Mwafrika anayeusomesha Umoja wa Mataifa haliwezi kupita hapa kimya.

Lakini baadaye filamu ikanichosha. Ina saa mbili na dakika zaidi ya arobaini. Kuna msichana wa Marekani, Riri Williams, anayejitengenezea vazi la chuma la kurukia, na kila alipotokea niliona kwamba watengenezaji wanaandaa filamu nyingine badala ya kumaliza hii. Yule jasusi Ross naye anazunguka bila kazi. Nimetoka nikiwa upande wa wavulana.

Jumatatu, 6 Februari

Niandike basi ile ya kwanza ilikuwa na nini, kabla sijajibu darasani.

Ilitoka Februari 2018. Lupita Nyong'o alikuwemo, na Kisumu, mji wa nyumbani kwao, ukapata onyesho lake la uzinduzi. Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, alikuwemo. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, ikapata tuzo tatu za Oscar. Hayo ni ya magazeti. Kwetu jambo kubwa lilikuwa milima. Baadhi ya picha za angani, pale ndege yao inapokata juu ya misitu kabla ya mji kujitokeza, zilichukuliwa Uganda, juu ya Bwindi na juu ya Ruwenzori. Ruwenzori ni mlima wetu. Ukiwa Beni asubuhi na mawingu yakakubali, unauona wote. Tulikaa kwenye mabenchi yale yale tukauangalia mlima tunaoujua, na nyuma yake, badala ya mpaka, ukatokea mji wenye treni zisizogusa reli, na watu weusi ambao hakuna aliyewahi kuwafukuza kwao. Nilimwona mwanamume mzima akipangusa macho kwa mkono wa koti. Hakuna filamu ya pili inayoweza kumpa mtu mshtuko ule mara nyingine, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Mlango wa namna hiyo hufunguliwa mara moja.

Ilikuwa na Killmonger pia, adui mwenye haki. Anauliza mlikuwa wapi sisi tulipokuwa tunateswa, na hakuna anayemjibu vizuri.

Lakini ina deni. Mwishoni T'Challa anasimama Umoja wa Mataifa na kutangaza kwamba Wakanda inafungua milango. Mjumbe mmoja anauliza nchi ya wakulima ina nini cha kuupa ulimwengu. T'Challa anatabasamu, filamu inaisha. Mwaka 2018 tulipiga makofi. Leo usiku nikilikumbuka tabasamu lile napata hofu, maana sisi tunajua wanaofuata baada ya dunia kujua kilichoko chini ya ardhi yako. Filamu ya kwanza iliishia pale ambapo hadithi ya Kivu inaanzia.

Jumapili, 12 Februari

Kaka yangu mkubwa amekuja kula. Yeye ni mtu wa Terminator, aliyoiona kwenye kanda za VHS zilizochakaa. Nikamwuliza kama kuna filamu ya pili iliyowahi kuishinda ya kwanza. Hakusubiri nimalize.

"Mdogo, Terminator ya pili. Usinibishie."

Sina haja ya kumbishia. Ya kwanza, ya 1984, Schwarzenegger ni mashine iliyotumwa kumwua mama kabla hajamzaa mkombozi. Ya pili, ya 1991, mashine ile ile, uso ule ule, imetumwa kumlinda mtoto. Mwongozaji James Cameron hakurudia alichofanya. Aliuliza: je, kitu kilichotengenezwa kuua kinaweza kufundishwa kuacha? Swali hilo lilikuwa limefichama ndani ya ya kwanza bila kuulizwa. Na yule mama, aliyekuwa mhudumu wa mgahawa anayekimbia, sasa ana misuli na bunduki na amekuwa mkali hata kwa mwanawe. Yaliyompata yamemgeuza. Zilizofuata, ya 2003, ya 2009, ya 2015, ya 2019, kaka ameziona zote na hazitaji kwa jina. "Zile zinakimbia tu," amesema. Kwa Matrix alitikisa kichwa: ya 1999 aliielewa kwa kuiona mara tatu, mbili za 2003 hakuzielewa wala hakutaka.

Ninaona sasa kipimo cha darasa hakinifai. Wanapima kama ya pili imewapa furaha ile ile. Mimi nitapima kama imelilipa deni la ya kwanza.

Jumanne, 14 Februari

Waziri wa Majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, amelaani filamu. Anasema inawaonyesha askari wao kwa uongo, na amewakumbuka wanajeshi 58 wa Ufaransa waliokufa nchini Mali. Waliokufa ni watoto wa watu na sitawacheka. Lakini naona jambo: katika filamu ya kwanza mwizi wa metali alikuwa Klaue, jambazi wa peke yake mwenye mkono wa bandia. Hakuna waziri wa nchi yoyote aliyesumbuka. Katika ya pili mwizi ana sare, na anayemtuma ana kiti kwenye mkutano. Hapo ndipo waziri amesikia jina lake. Mwongozaji Ryan Coogler amesogeza kidole, na kidole kimegusa.

Jumapili, 19 Februari

Nimerudi ukumbini baada ya misa. Mara hii sikufuata mapigano. Nilifuata ile mashine.

Hadithi yote inaanzia kwenye mashine moja ya kutambua vibranium. Riri aliibuni akiwa mwanafunzi, Wamarekani wakaichukua wakaishusha baharini Atlantiki, na kule chini kumbe kuna watu, Talokan, na mfalme wao Namor, ambao nao wana metali ile ile na walikuwa wameificha karne nyingi. Wanawaua waliokuja kupima. Kisha Namor anakwenda Wakanda kudai aletewe aliyebuni mashine amwue. Wakanda inakataa. Kuanzia hapo mataifa mawili pekee duniani yenye vibranium yanauana. Mji wa Wakanda unazamishwa kwa maji, malkia anakufa humo. Watu wa Talokan nao wanakufa baharini, kwenye meli ya Wakanda.

Nyuma yangu mlangoni alikaa mama muuza mandazi, beseni mapajani, aliyeingia kukwepa mvua. Hakuwa ameona mwanzo. Aliangalia pambano la melini kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei:

"Hawa si ndiyo benye mali? Sasa benyewe kwa benyewe banapigana juu ya nini?"

Mfasiri aliisikia. Akaichukua sentensi ile akairudia kwenye maikrofoni, mara mbili, na hakuongeza lake.

Hiyo ndiyo filamu. Nashangaa niliikosa mara ya kwanza kwa kuhesabu dakika. Dhahabu ya Manguredjipa inapita hapa Butembo, koltani ya Rubaya inapita kwingine, na kila kijiji kati ya hizo njia kina kundi lililoapa kukilinda. Namor anasema kweli anapohofia watu wake. Shuri, binti wa malkia, anasema kweli anapomlilia mama yake. Hakuna mwongo kati yao, ndiyo maana vita vyao vinauma kuviangalia. Na yule mkuu wa majasusi wa Marekani, Valentina, anapoulizwa Marekani ingefanya nini kama ingekuwa yenyewe tu na metali hii, anajibu kwamba huwa anaiota ndoto hiyo. Yuko mbali, nguo safi. Hakuna maji yanayomfikia.

Filamu ya kwanza haikuthubutu kuliona hili. Ilikuwa na ndugu wawili wanaogombania kiti. Hii ina mataifa mawili yanayostahili kupendana.

Jumapili, 26 Februari

Wasichana walisema wavulana hawakuangalia mwanzo. Wana haki, na mimi nimeahirisha kuuandika.

Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alikufa Agosti 2020, na Coogler akakataa kuweka mtu mwingine kwenye nafasi yake. Kwa hiyo filamu inaanza na Shuri maabarani, anakimbizana na dawa, anaiambia mashine ijaribu tena, na mama yake anaingia kumwambia kaka yako ameondoka. Mgonjwa mwenyewe hatumwoni.

Butembo tuliishi hivyo. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, miezi michache tu baada ya sisi kuiona Wakanda ya kwanza, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Maabara haikuwa ya kubuni. Dawa nne zilijaribiwa kwenye vituo vya Beni, Katwa, Butembo na Mangina, na Agosti 2019 ikajulikana kwamba mbili zinaokoa kuliko nyingine. Moja ya hizo mbili, mAb114, chanzo chake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Mkongomani alipona, na miaka ishirini na minne baadaye damu yake ikawaponya Wakongomani wengine hapa Katwa. Mtoto wa shule akiniandikia hadithi hiyo ya sayansi ningemwambia amezidisha. Ni kweli tupu.

Shangazi yangu alipelekwa kituoni mapema mwaka 2019, kabla ya jibu kujulikana. Tulisimama upande wa pili wa waya. Tuliambiwa, hatukumwona. Binamu yangu, anayesomea uuguzi, alirudia kwa wiki nyingi maneno ya Shuri kabla Shuri hajayasema: wangengoja kidogo, dawa ilikuwa inakuja. Nilipomwona Shuri akikataa kuichoma nguo ya msiba mwaka mzima baada ya mazishi, nilimjua.

Sijui filamu nyingine ya sayansi ambayo sayansi inashindwa kwenye dakika ya kwanza, na mwanasayansi hapewi ruhusa ya kuacha kazi.

Jumatatu, 13 Machi

Usiku wa kuamkia leo Ruth E. Carter amepata Oscar ya mavazi kwa Wakanda ya pili, kama alivyoipata kwa ya kwanza. Ni mwanamke mweusi wa kwanza mwenye Oscar mbili. Habari imenikuta shuleni, na furaha haikupata pa kukaa. Usiku wa tarehe 8 wauaji waliingia kijiji cha Mukondi. Wamekufa watu zaidi ya thelathini, na wanafunzi wangu wawili wana ndugu kule. Ukumbi wa sinema haujafunguliwa tangu hapo.

Nilidhani hawatataka kuzungumza filamu. Walitaka. Nimewapa hukumu niliyowaahidi: kwa uzuri, ya kwanza inabaki juu, na haitashushwa. Ya pili ina vipande vya kukata, kuanzia safari yote ya Marekani. Lakini ya pili imeliona jambo letu usoni, imeanza na msiba bila kuuharakisha, na mwishoni Shuri anamweka Namor chini, mkuki uko shingoni, halafu hamwui. Wenye mali wanapatana. Kwa hilo tu naiweka mbele ya ya kwanza.

Msichana wa dawati la mbele hakuridhika. "Prof, wamepatana, sawa. Yule mama wa ndoto je? Nani amemwuliza?"

Hakuna. Nimemwambia filamu imemwacha, na hilo ndilo kosa lake kubwa, kubwa kuliko dakika zote nilizolalamikia. Deni limelipwa nusu. Coogler akitengeneza ya tatu, ianzie ofisini kwa Valentina, kabla ya kuonyeshwa mlima, kabla ya ndege, na asiruhusiwe kutoka kwenye picha mpaka ajibu. Darasa limenitaka niliandike hilo ubaoni, nikaliandika, na wameanza kubishana nani amhoji: Shuri au Namor. Wavulana wanamtaka Namor. Msichana yule amesema wote wawili, kwenye meza moja.