Ufa, kiraka na mti wa mathenge

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, tuongee maji.

Mjomba wangu anaishi nje ya mji wa Garissa, mbali na mto Tana. Anategemea birika la simiti lililochimbwa ardhini, sisi twaliita berkad, urefu mita 10 na upana mita 5. Mvua zilikuwa zimekosa misimu 5 mfululizo tangu mwisho wa 2020, kwa hiyo zile kubwa za Novemba 2023 zilipolijaza, tulishukuru. Januari 2024 nilipoenda kumsalimia nikakuta ufa ukutani, na maji yanashuka.

Kwa kiherehere changu nikakoroga simiti, nikapaka sehemu ya ufa iliyokuwa juu ya maji. Siku ya nne ukafunguka tena.

Mjomba akaita fundi, mzee wa makamo. Akacheka. "Kijana wangu, umejuaje kwamba maji hayanywewi na jua tu?"

Swali lilinichoma. Ndilo ninalowauliza wenzangu kazini kabla hawajagusa programu: umepima?

Akajaza ndoo maji, akaiweka kwenye ngazi ndani ya birika, akatia alama kwenye ndoo na ukutani. Siku nzima hakuna aliyechota. Kesho yake ndoo ilikuwa imepungua sentimita 1, birika sentimita 4. Jua huchukua sawa kwa vyote viwili, basi zile 3 zilikuwa zinavuja. Piga hesabu: lita 1,500, yaani mitungi 75 ya lita 20, kwa siku moja!

Tukaendelea kupima mpaka ndoo na birika vikawa vinapungua sawasawa. Hapo tukajua maji yamefika mwisho wa ufa. Tukachimba nyuma ya ukuta, na tazama: mzizi wa mathenge, mnene kama mkono, ulikuwa unausukuma.

Tukaukata, tukang'oa na kisiki. Ndipo fundi akaupanua ufa kwa patasi, akasugua vumbi, akaulowesha, akashindilia simiti 1 kwa mchanga 3, kisha magunia yenye maji juu yake kwa siku 7.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini mimi niliziba na mzizi ukaendelea kusukuma.

Niliporudi Nairobi nilifungua programu moja niliyokuwa nimeiwekea viraka 3 ndani ya mwezi. Nikavitoa vyote, nikaanza kupima.

Haya, tukutane wakati mwingine.