Nyundo ya Enoch na majani ya Kericho

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti ulinipata ndani ya basi, natoka kwa mzee mmoja naelekea kwa mwingine. Umeniuliza mawili kwa mpigo: kama nitachangia ile mashine ya kuchuna majani ambayo wewe na majirani zako hapo Konoin, Bomet, mnataka kuinunua kwa pamoja, na kama binamu yangu, aliyerudi kutoka Nairobi na cheti cha kurusha droni, apewe mtaji wa droni ya kupulizia dawa. Ukasema nikujibu humu gazetini, kwa kuwa swali si lako peke yako. Haya. Jibu litazunguka kidogo, maana mji huu ninaoishi uliwahi kupita njia hiyohiyo, na watu wake wakanyongwa.

Huddersfield ni mji wa sufu, kaskazini mwa Uingereza, kwenye vilima vinavyonyeshewa kila mara. Siku za mvua ungedhani uko Kericho, ila huku hakuna jua la saa nne asubuhi la kukausha nguo. Viwanda vyake vya mawe vimefungwa karibu vyote, vingine vimegeuzwa nyumba za kupangisha. Miaka 200 na ushei iliyopita palikuwa na mafundi ambao kazi yao ilikuwa kunyoa kitambaa. Sufu ikishafumwa manyoya yake huinuliwa, na fundi aliyapunguza kwa mkasi mkubwa wa chuma wenye uzito wa kilo 20 hivi. Ilikuwa kazi ya kujifunza kwa miaka, na iliwalipa vizuri.

Kisha mashine ikaja. Ndugu wawili wahunzi wa Marsden, bonde la jirani, Enoch na James Taylor, wakawa wanaunda fremu za kunyolea kitambaa, na kazi ya mafundi kadhaa ikafanywa na mtu mmoja asiye na ufundi wowote. Mafundi wakaanza kuvamia viwanda usiku na kuzivunja fremu. Walivunjia nyundo kubwa zilizotoka kwa wahunzi haohao, nao wakaziita Enoch. Napenda sana habari hiyo, mjomba. Mhunzi mmoja aliuza ugonjwa na dawa.

Usiku wa tarehe 11 Aprili 1812 walivamia kiwanda cha Rawfolds, safari fupi ya basi kutoka kwangu, wakakuta mwenye kiwanda anawangoja na bunduki. Wawili walikufa kwa majeraha. Mwezi mmoja kabla, Bunge la London lilikuwa limepitisha sheria kwamba avunjaye mashine auawe. Lord Byron, yule mshairi, alisimama katika Baraza la Malodi kuupinga mswada huo, na hakusikilizwa. Januari 1813, katika mji wa York, watu 17 walinyongwa.

Wenye viwanda ndio walioandika historia, wakasema hao walikuwa wajinga waliochukia maendeleo. Lakini soma tarehe. Kabla hata nyundo moja haijainuliwa huku, mafundi walikuwa wamekwenda bungeni miaka mingi na maombi yao. Walitaka sheria za zamani zilizolinda kazi yao zifuatwe. Bunge liliwasikiliza, likaunda kamati, kisha mwaka 1809 likazifuta sheria zenyewe. Nyundo zilikuja baada ya hapo.

Sasa rudi Kericho. Mwezi Mei 2023 picha zilitufikia hadi huku: moshi juu ya chai, mashine za kuchuna za kampuni ya Ekaterra, iliyokuwa ya Unilever, zikiteketea, polisi na vijana wakikimbizana. Mwandamanaji mmoja aliuawa, wengi wakajeruhiwa, polisi wakiwamo. Mwenzangu wa kazini, Mwingereza, aliniuliza kwa nini watu wachome mashine. Nilimwambia apande basi la Rawfolds.

Na tarehe za kwetu pia zisomwe. Mashine zilikuwa zimeingia kwenye mashamba makubwa tangu miaka ya 2000. Mwaka 2010 chama cha wafanyakazi wa mashambani kiligoma kwa sababu hiyo. Baadaye serikali ya kaunti iliunda jopo, na mjumbe wake mmoja akasema kwamba Kericho peke yake ilikuwa imepoteza nafasi 30,000 za kazi kwa mashine katika muda wa miaka kumi. Jopo likapendekeza mgao: asilimia 60 ya majani ichunwe kwa mashine, 40 kwa mikono. Waliochoma hawakuamka siku moja na kibiriti. Mimi sisemi walifanya vema, maana yupo aliyezikwa kwa ajili ya siku ile. Nasema waliuliza kwanza, na waliuliza kwa muda mrefu.

Unajua kuliko mimi kazi ya kampuni ilivyokuwa. Mchunaji alipopata kazi alipata na chumba kambini, maji, zahanati, shule ya watoto. Kazi ikikatika, vyote vinakatika siku moja. Kwa hiyo wanaposema mashine imechukua kazi ya mtu, wanasema nusu. Imechukua na kitanda. Na wengi waliokuwa wakilala kambini si wa kwetu, walitoka Kisii na Nyanza na Magharibi, nao waliwahi kukimbia panga mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi. Wakati ule hakuna mashine iliyowafukuza. Tuliowafukuza ni sisi, majirani, na jambo hilo huwa tunalipita haraka tunapolilia kazi zilizopotea.

Kampuni ilisema bila mashine chai ya Kenya haitaweza kushindana sokoni. Huenda ni kweli. Bei mnadani Mombasa naijua, na gharama za mbolea ninazijua kutoka kwenye jumbe zako. Lakini kama kilo moja inachunwa kwa gharama ndogo kuliko zamani, ile tofauti imekwenda kwa nani? Unilever iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai duniani kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC kwa yuro bilioni 4.5, mauzo yakakamilika 2022. Miaka miwili baadaye wenye mali wapya nao wakatangaza kuyauza mashamba ya Afrika Mashariki kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo tayari ilikuwa imefikia makubaliano ya kununua ya James Finlay huko kwetu. Shamba linabadilisha mikono, mchunaji anasikia redioni.

Na shamba lenyewe lilikuwa la nani? Mababu walihamishwa chai ikaingia, na mwaka 1934 ukoo wa Talai ulipakiwa mzima mzima kupelekwa Gwasi, kwenye mbung'o na malaria. Kwa mtu wa Kericho, mashine haikuingia kwenye shamba la kampuni tu. Iliingia kwenye ardhi ambayo fidia yake pekee, kwa vizazi vitatu, ilikuwa hicho kibarua. Kibarua kikiondoka, dai la ardhi linabaki uchi. Nadhani moto ule ulikuwa na kuni za tangu enzi hizo. Ndiyo maana habari iliyonifurahisha kidogo katika mauzo ya Finlay ni ahadi kwamba asilimia 15 ya hisa ingeuzwa kwa ushirika wa wenyeji. Ni kidogo, lakini mwenye hisa akiona mashine inaingia ana pa kuuliza faida yake iko wapi.

Usije ukafikiri naulilia mkono na kikapu. Februari 2023 BBC ilionyesha wasimamizi wa mashamba hayohayo wakidai ngono ili watoe kazi, na kila mama wa Kericho aliyewahi kubeba kikapu alisema hajaona jipya. Na katika mahakama kuu ya Scotland, Edinburgh, zaidi ya wachunaji elfu moja, wa zamani na wa sasa, waliishtaki James Finlay Kenya wakisema migongo yao imeharibika kwa kazi. Mwaka 2023 majaji waliisimamisha kesi kwanza, ili madai yapitie sheria yetu wenyewe ya fidia za majeraha kazini. Kazi ile ilikuwa inaumiza. Mashine ingeweza kuwa ukombozi wa mgongo, kama mwenye mgongo ndiye angeamua itumikeje.

Huku mimi nimeionja ya kwangu. Nalea wazee majumbani mwao. Nikifika mlangoni nagusa simu, programu inaandika dakika niliyoingia. Nikitoka naigusa tena. Nusu saa ya kumwogesha mzee, kumpa dawa, kumpikia uji wao wa shayiri. Nikikaa zaidi kwa sababu bibi anataka kuongea, dakika zile hazilipwi, na ofisi hunipigia kuuliza kwa nini nimechelewa kwa anayefuata. Bibi mmoja alifanya kazi kiwanda cha sufu tangu usichana hadi kilipofungwa. Ananiambia kelele za mitambo zilikuwa kubwa hata wakajifunza kusomana midomo, na hadi leo anafuata maneno ya televisheni bila sauti. Anapenda kusimulia jinsi walivyokuwa wakimsengenya nyapara akiwa amesimama katikati yao. Programu ya simu haina mdomo wa kusoma wala mgongo wa kusengenya, mjomba, na hilo ndilo linalonichosha kuliko kubeba wazee. Nyapara wa kambini alikuwa mbaya, lakini ulijua kwake.

Sasa mashine yako. Ile ya kushikwa na watu wawili hunyoa kichaka chote kwa usawa mmoja kama kinyozi mwenye haraka: majani mawili na chipukizi, na la tatu, na la nne, na kijiti. Kampuni ina viwanda vyake na soko la chai ya namna hiyo. Wewe unapeleka kituoni, kwa karani anayechambua gunia mbele ya watu, na kiwanda chenu kimejijengea jina kwa jani laini. Bonasi yako inategemea jina hilo, nayo hata sasa haikutoshi. Kila mwaka unanitumia karatasi ya malipo na maneno ya wenzako wakilalamika kwamba wakulima wa mashariki ya Bonde la Ufa wanalipwa zaidi. Majani magumu hayatapandisha malipo hayo. Halafu jumlisha: petroli, vipuri vinavyoagizwa nje, na siku fundi asipopatikana majani yanazeeka mtini.

Wapo pia akina mama wanaokuchunia kwa kilo. Hao hawana kambi wala chama. Ukinunua mashine hakuna atakayewaandikia barua ya kusimamishwa. Utaacha tu kuwapigia simu. Hakuna jopo litakalowahesabu. Zile 30,000 ni za mashamba makubwa, mahali penye daftari.

Kwa hiyo kwenye mashine sitachanga. Ikiwa kikundi chenu kitajadili mikasi ya kuchunia kwa siku za majani mengi, mikono inapokosekana na watoto wako shuleni, hapo niite tuongee, lakini muulizeni kwanza mkaguzi wa kiwanda kama ataipokea.

Binamu yangu nampenda, na swali langu kwake ni fupi: droni itapuliza nini? Chai yetu haipigwi dawa, au ni nadra sana. Ubaridi wa nyanda zetu unazuia wadudu, na huko nje tunaiuza kwa sifa hiyo. Akirusha sumu juu ya chai atakuwa analipwa kuharibu sifa ya wote. Kwenye viazi ni habari nyingine. Ukungu wa viazi naujua, na nilimwona baba akibeba pampu mgongoni bila glavu, bila kitambaa puani, akirudi macho mekundu. Droni ikimwondolea mtu pampu hiyo, naiunga mkono bila kusita. Lakini upepo wa Bomet haufuati mipaka ya shamba. Kuna mizinga ya jirani, kuna mto mnakoteka maji, kuna nguo zilizoanikwa.

Tena aanze na makaratasi. Kanuni za droni za 2020 zinataka chombo kisajiliwe na mamlaka ya usafiri wa anga, rubani awe na leseni, na biashara iwe na hati yake; cheti alichorudi nacho anionyeshe kimetolewa na nani. Na kamera. Akipita juu ya boma la mtu ameona choo, ameona ng'ombe wangapi, ameona nani yuko nyumbani mchana. Sheria ya kulinda data ya 2019 inamhusu yeye kama inavyozihusu kampuni. Picha za mashamba yenu zinaweza kumwambia mnunuzi mtavuna kiasi gani kabla ninyi wenyewe hamjajua, na mnunuzi anayejua hilo anakuja na bei yake mfukoni. Picha ziwe za nani? Hilo liandikwe kwenye mkataba wa ushirika wenu kabla ya droni kupaa.

Sichukii vyombo hivi. Rwanda wamekuwa wakipeleka damu hospitalini kwa droni tangu 2016, na kampuni hiyohiyo, Zipline, ina kituo Chemelil, si mbali nanyi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua haulizi chombo kimekuja kwa mbawa au kwa magurudumu. Tofauti ni kwamba pale anayehitaji ndiye ambaye chombo kilinunuliwa kwa ajili yake.

Ijumaa nitatuma pesa ya mbolea na karo ya yule mdogo. Ya droni nitatoa nusu, ushirika ukitoa nusu nyingine, kiwe chombo cha wakulima wa viazi na binamu aajiriwe kukirusha. Akikataa kuajiriwa tujue alitaka nini. Na mkutano wenu wa Jumamosi, waite na wale akina mama wanaochuna. Wakae mbele, waseme kabla ya wewe kusema. Huku nimesoma maombi ya mafundi wa sufu, na huko ripoti ya jopo. Wanawake wanaochunia wenye ekari moja na nusu sijawaona wakiulizwa popote. Nitumie sauti zao kwa simu, hata kama ni ndefu. Safari zangu za basi ni ndefu pia.