Walioingia na Waliofundisha: Kumbukumbu ya Vyuo vya Ufundi Igoma na Kanda ya Ziwa

Vyuo vya ufundi stadi na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vipo Tanzania kwa ajili ya watu ambao shule iliwaacha njiani: aliyeishia darasa la saba, aliyefeli kidato cha nne, aliyeacha masomo kwa kukosa ada. Kwa wakazi wa Igoma, kata ya Jiji la Mwanza iliyo kando ya barabara ya Musoma, chuo kinachotajwa kwanza ni VETA Nyakato, cha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), mwendo mfupi wa daladala kuelekea mjini. Kumbukumbu ya nani aliingia katika vyuo hivi, na nani alisimama mbele kufundisha, ni ya mabadiliko yaliyokuja kwa hatua, kila hatua ikiondoa kizuizi kimoja.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vina asili ya Skandinavia. Chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844, kikiwalenga vijana wa mashambani. Sweden iliuchukua mpango huo, na serikali ya Mwalimu Nyerere ikaanza kuujenga nchini mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden. Mkoa wa Mwanza ulipata vyuo vya Karumo, Sengerema na Malya. Mafunzo ya ufundi stadi yalifuata njia yake: sheria ya mwaka 1974 iliyaweka chini ya mpango wa taifa, na sheria ya mwaka 1994 ikaunda VETA.

Kijana wa Igoma aliyemaliza darasa la saba mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa na njia chache. Nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabika. Waliobaki walitafuta vibarua viwandani na bandarini, waliingia ziwani kuvua, au walikaa chini ya fundi gereji hadi mkono ukazoea. Nafasi ya chuo ilikuwa bahati, na mara nyingi ilimwangukia mvulana. Magari, umeme, uashi na uungaji vyuma vilihesabiwa kuwa kazi za wanaume. Msichana alielekezwa kwenye ushonaji, upishi au uhazili. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ilikuwa mazoea ya wazazi, ya walimu na ya waajiri pia.

Katika jambo moja, hata hivyo, vyuo hivi vilikuwa mbele tangu mwanzo. Darasani Msukuma alikaa na Mkerewe, Mjita, Mhaya, Mzinza na Mkurya, na wote walifundishwa na mwalimu ambaye huenda alitoka Mbeya au Tanga. Serikali ilipanga watumishi nchi nzima bila kujali kabila, na Kiswahili kilikuwa lugha ya karakana. Mafanikio hayo ni makubwa na hayapaswi kusahaulika. Lakini mchanganyiko wa makabila ulifanya iwe rahisi kutowaona waliokosekana: wanawake katika fani nzito, mama vijana, na watu wenye ulemavu.

Kwa wasichana, kizuizi kikubwa kilikuwa mimba. Kwa miongo mingi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mlango ukafungwa hapo. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana hao kurudi katika shule za kawaida. Kabla ya hapo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilikwisha kuanza kuwapokea kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaosimamiwa na Karibu Tanzania Organization. Siri ya mpango huo ni jambo dogo la kila asubuhi. Mama kijana anafika chuoni na mtoto mgongoni, anamkabidhi kwa mlezi katika kituo cha watoto, kisha anaingia darasani. Wakati wa mapumziko anarudi kunyonyesha. Bila kituo hicho, kumwambia anakaribishwa chuoni ni maneno matupu.

Watu wenye ulemavu walikuwa na vyuo vyao, kikiwemo cha Yombo jijini Dar es Salaam, lakini nafasi zilikuwa chache mno. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2006 na 2007 yaliwakimbiza watoto wengi kwenye shule zenye ulinzi, kama Buhangija ya Shinyanga na Mitindo ya Misungwi. Watoto hao walikua, wakahitaji kazi ya kujitegemea. Fundi mwenye ualbino anahitaji kivuli, kofia pana na futikamba yenye tarakimu kubwa. Kiziwi hujifunza kuchomelea kwa macho kama mwenzake, ila anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na taa ya tahadhari mahali ambapo wengine husikia kengele. Mahitaji haya hayagharimu sana yakipangwa mapema.

Vizuizi vya umbali na umri navyo vimepungua nguvu. Zamani kijana wa Ukerewe alivuka ziwa kutoka Nansio kuja kusoma Mwanza. Sasa wilaya yake ina chuo cha VETA, na serikali imeanza kujenga vyuo katika wilaya nyingine 64. Ada ya VETA ya shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni imesaidia wengi. Mafundi wa mtaani waliojifunza kazi bila kukaa darasani wanaweza kupimwa na kupewa cheti kwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi, hivyo mtu mzima naye ana nafasi.

Walimu ndio waliobadilika polepole zaidi, na sababu yake inaeleweka. Mwalimu wa ufundi huanza akiwa mwanafunzi wa fani, kisha hufanya kazi, halafu husomea ualimu katika Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro. Karakana iliyokosa wasichana jana itakosa walimu wanawake leo. Vyuo vya jamii vya Marekani, vilivyoanzia Joliet, Illinois, mwaka 1901, vimepitia hali hiyohiyo: wanafunzi walichanganyika mapema, walimu wakachelewa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na chuo nacho ni mwajiri. Hatua inayobaki ni kuwatambua wahitimu hodari wa kike na wenye ulemavu wakiwa bado vyuoni, kuwafadhili hadi Morogoro, na kuwapa ajira wanaporudi. Msichana wa Igoma anayemkuta mwanamke akifundisha injini hahitaji tena kuambiwa kwamba fani hiyo ni yake pia.