Cherehani kikiruka nyuzi hutupi cherehani

Leo siandiki habari za shela wala za hina. Naandika habari ya gari, na naomba msinikimbie, maana wengi wetu siku hizi tunaendesha. Wengine mnapewa gari kama zawadi ya ndoa, na hakuna somo wala kungwi anayetufunza kilichomo chini ya boneti.

Mie ni fundi cherehani, duka langu lipo Bagamoyo. Vitambaa navifuata Kariakoo, kwa hiyo njia ya Mapinga, Bunju na Tegeta naijua kama njia ya jikoni kwangu. Mwaka huu siku moja narudi na mzigo wa satini na lesi, nyumba ya watu inasubiri shela ya bi harusi na magauni 6 ya wasindikizaji, zimebaki siku 4 nikahi ifungwe. Nilipofika Mapinga gari likaanza kutetemeka. Nakanyaga mafuta, haliendi. Linanguruma kwa kukatakata, na taa ya injini ikawaka, tena ikawa inamemetuka. Nikaegesha pembeni.

Mafundi wanaita hali hiyo kumisi. Maana yake ni kwamba silinda moja, au zaidi, haichomi mafuta inavyotakiwa. Magari madogo mengi tunayoendesha yana silinda 4, na mengine, kama baadhi ya Passo, yana 3. Kila silinda inataka mambo matatu: mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, mgandamizo wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Kikikosekana kimoja, silinda hiyo inakuwa abiria, zinazobaki ndizo zinazovuta mzigo.

Na ile taa ikimemetuka, usiendelee na safari. Petroli isiyoungua inatoka na kwenda kuungulia kwenye kichujio cha moshi kilichopo kwenye ekzosi, na joto lake laweza kukiyeyusha. Hapo ndipo usipoziba ufa utajenga ukuta.

Karibu na nilipoegesha palikuwa na gereji. Fundi akaja, akasikiliza mlio kama dakika mbili, akasema, "Mama, injini imekwisha hii. Tukutafutie nyingine." Akataja milioni 2 na nusu. Nikamuuliza amepima nini. Akacheka, akaniambia hayo niwaachie wanaume, nimpigie baba watoto.

Mashoga zangu, hela nilikuwa nazo. Kwenye mkoba wangu na kwenye simu mlikuwa na malipo ya awali ya maharusi watatu. Na hapo ndipo penye mtihani wenyewe, maana shetani hakwambii iba, hukwambia azima tu, utarudisha. Lakini hela ya mteja ambaye kazi yake hujaimaliza ni amana. Ukiitia kwenye gari leo, kesho bi harusi wa watu anakosa lesi, na Akhera tuna la kujibu. Nikamshukuru yule fundi, nikamwambia sifungui injini. Jina lake na la gereji yake silitaji, kusengenyana si kwetu.

Halafu nikawaza kama fundi mwenzake. Cherehani kikiruka nyuzi, mie sikitupi. Naanza na sindano, kwa sababu ni rahisi na ipo karibu. Kisha naangalia uzi, kisha namna ulivyopitishwa. Mashine yenyewe naifungua mwisho kabisa. Nikampigia fundi wangu wa Bagamoyo, akaja na bodaboda, ana kifaa chake cha kupimia kwa kompyuta.

Akakichomeka chini ya usukani, kikasoma P0303. Hebu lishikeni hili: P0300 ni kumisi kusikojulikana silinda ipi, na kuanzia P0301 ile tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Kwangu ilikuwa silinda ya 3. Lakini kompyuta inakutajia silinda tu, haikutajii spea iliyokufa. Mafundi wengi wanakosea hapa, wanasoma namba na kukutuma dukani papo hapo.

Fundi wangu hakununua kitu. Alizima injini, akaing'oa koili ya silinda ya 3, akaibadilishana na ya silinda ya 2. Koili ndiyo inayotengeneza umeme mkali wa kuipa plagi cheche, na kwenye injini kama yangu kila silinda ina yake. Akafuta ile namba, akawasha, akapima tena. Ikaja P0302. Ugonjwa umehama na koili, basi mgonjwa ni koili. Kazi ya dakika 20, bila shilingi ya spea.

Lau namba ingebaki palepale kwenye silinda ya 3, angehamisha plagi kwa njia hiyohiyo. Baada ya plagi angeangalia nozeli inayopuliza petroli, kisha mipira ya hewa kama imepasuka. Mwisho kabisa angepima mgandamizo wa silinda. Mgandamizo ukiwa mdogo, hapo ndipo maneno ya kufungua injini yanapokuwa na haki ya kusemwa.

Tena akanionyesha jambo jingine. Kwenye shimo la plagi mlikuwa na oili. Gasketi ya kifuniko cha juu ya injini imekauka, oili inavuja, inalainisha ule mpira wa koili mpaka umeme unapotea njia. Angebadilisha koili peke yake, baada ya miezi ningerudi palepale. Koili ilikuwa sh. 80,000, plagi 4 sh. 80,000, gasketi sh. 25,000 na ufundi sh. 30,000. Jumla sh. 215,000. Nilizilipa kwenye mfuko wa gari, ambao kila wiki naweka sh. 10,000, mbali na hela za wateja. Shela ilifika kwa wakati, alhamdulillah.

Basi dada yangu, na hasa wewe bi harusi unayekabidhiwa funguo, chukua haya kutoka kwangu. Fundi akikwambia kitu kimekufa, muulize kwa adabu, "Umejuaje?" Fundi mkweli hufurahi kueleza. Omba akupe spea ya zamani mkononi. Plagi zisikazwe kwa nguvu za kupitiliza, nyuzi zake zikiharibika ni msiba mwingine. Ukienda kuoshesha, kataza kupuliza maji juu ya injini, maana yakiingia kwenye mashimo ya plagi gari litamisi. Sisi watu wa pwani, mwambie fundi aangalie na soketi za koili kila akifanya sevisi, chumvi ya bahari inakula chuma na shaba.

Na tuwe na mfuko wa gari, hata wa elfu tano. Kutawakali ni pamoja na kuchukua sababu. Soma dua ya safari, na oili uipime.

Mwenyezi Mungu atulinde barabarani na atuhifadhie amana zetu. Aamin. Wabillahi tawfiq.