Skrubu ya H

Mwaka huu nimeacha ufundi. Macho hayaioni tena sindano ya kabureta, na vijana niliowafundisha wameshika banda langu la Kibaoni, Ifakara. Nawatakia heri. Ila lipo jambo moja ambalo mafundi wa bonde hili la Kilombero tunabishania hadi leo, na kwa sababu ya jambo hilo mtu asiye na kosa alifukuzwa kazi. Nataka liandikwe.

Nilizaliwa Lipangalala, wazazi wangu wakulima wa mpunga. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nilikuwa mtoto wa kukimbilia kila mlio wa mtambo. Darasa la saba nilimaliza, sekondari sikuchaguliwa, baba akanipeleka kwa fundi aliyejifunza chuma katika karakana ya Mang'ula, iliyoanzishwa na Wachina wakati wa kujenga reli. Mji mzima ulimwita Mzee, nami nitamwita hivyohivyo.

Tulianza na baiskeli, pikipiki na mashine za kukoboa mpunga. Kisha ikaja mitiki. Kilombero Valley Teak Company ilianza mwaka 1992, na kadiri miti ya kupandwa ilivyoongezeka bondeni, ndivyo chensoo, mashine za kufyekea na pampu za mgongoni za injini zilivyojaa bandani. Nyingi kati ya hizo hutumia petroli iliyochanganywa na oili, na kabureta zake hazina floti kama ya pikipiki. Zina raba mbili nyembamba kama ganda la kitunguu. Moja huvuta petroli kutoka kwenye tanki kwa msukumo wa hewa unaotoka chini ya pistoni. Nyingine husukuma kimkono kinachofungua sindano, mafuta yakaingia kwa kipimo. Ndiyo maana chensoo hukata hata ukiilaza ubavu.

Mzee alikuwa na sharti: bisibisi haigusi kabureta mpaka vingine vyote vimekaguliwa. Mashine ikiwaka vizuri kisha ikazima baada ya dakika chache, alilegeza kifuniko cha tanki. Ikiendelea kunguruma, basi tundu la hewa la tanki ndilo limeziba, na kabureta haihusiki. Ikikosa nguvu, alifungua ekzosi kwanza, kwa kuwa wavu wake huzibwa na masizi, hasa kwa watu wanaozidisha oili. Ikipanda na kushuka yenyewe kwenye sailensi, yaani ikinguruma bila kupewa resi, alitafuta hewa inayoingia kwa wizi: sili za krankishafti, gaskiti, mpira unaoshika kabureta. Halafu filta ya ndani ya tanki, halafu plagi. Baada ya hayo ndipo alipofungua kabureta, akaigusa raba kwa ncha ya kidole. Raba iliyokakamaa kwa petroli iliyolala miezi haitasaidiwa na skrubu yoyote.

Skrubu ni tatu. Moja ya sailensi. Ya L hutawala mafuta ya resi ndogo. Ya H hutawala resi kubwa, na hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi.

Mapema miaka ya 2000 mkandarasi mmoja wa magogo alishuka bondeni kutoka nyanda za juu, upande wa Mufindi. Chensoo zake zilikuwa zimerekebishwa kulekule. Kule ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na fundi wa kule hubana H ili mafuta yasizidi hewa. Ifakara iko chini ya mita 300. Hewa hapa ni nzito, hata ukitoa punguzo la joto letu. Mashine iliyobanwa kwa ajili ya Mufindi, ukiishusha Kilombero, inakunywa hewa nyingi na mafuta kidogo. Mzee alimweleza msimamizi wa mkandarasi huyo: fungueni H kidogo kabla ya kukata hata gogo moja. Msimamizi alikataa. Alisema mashine zinalia vizuri, tena zina mbio, na kwamba mafundi wa Ifakara wanataka kumpotezea petroli.

Kulia kwa mbio ndiko kulikompoteza. Katika injini hizi petroli ndiyo inayobeba oili. Ukipunguza mafuta ili mashine ilie kwa sauti kali, umepunguza oili papo hapo na kuongeza moto. Mzee alitufundisha kusikiliza: mashine ikiwa na joto, ipe resi yote bila mzigo. Sauti iwe nzito kidogo, yenye kugugumia. Ikiingia kwenye gogo, sauti isafike na kunyooka. Ikiwa imenyooka tangu hewani, inajiua.

Haikupita wiki, chensoo moja ikanoki, pistoni ikakwama. Msimamizi akamshika opareta, kijana wa Mbingu, akamwambia ametia petroli tupu. Akamkata mshahara na kumfukuza, kisha akaileta mashine kwetu akitaka tuandike hivyo kwenye karatasi.

Mzee alichukua mafuta yaliyobaki kwenye tanki, akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, akaianika. Petroli ikaruka, doa la oili likabaki. Kisha akatoa pistoni. Petroli tupu hukwaruza pistoni pande zote, na pistoni hutoka kavu. Hii ilikuwa imekwaruzika upande wa ekzosi, penye moto mkali. Upande wa kuingizia mafuta uling'aa kwa oili. Akampa msimamizi aishike mwenyewe, akamwambia, "Kijana wako amechanganya sawasawa. Aliyeua mashine ni aliyekataza H isifunguliwe." Karatasi haikuandikwa. Kijana hakurudishwa kazini wala hakulipwa, na mkandarasi hakuleta tena mashine kwetu. Wapo mafundi wa hapa waliosema Mzee aliharibu biashara kwa ukaidi. Wengine walikuja kuziandikia mashine za mkandarasi huyo chochote alichotaka. Wanajijua.

Mzee ameshafariki. Ubishi wake haujaisha, kwa sababu hata leo mteja humsifu fundi ambaye mashine yake inapiga kelele kali, na fundi kijana hutafuta sifa hiyo. Siku hizi kuna jambo jingine: kabureta nzima mpya inauzwa bei ndogo, basi kila ugonjwa dawa yake ni kubadilisha kabureta. Vijana, kabureta mpya haizibui ekzosi. Haizibi sili inayovuja. Na imetoka kiwandani bila kujua kama inakwenda Mafinga kwenye nyanda za juu au Mlimba bondeni. Lazima uirekebishe hapohapo inapofanya kazi.

Oili nayo pimeni kwa chombo, msikadirie kwa jicho. Kwa mchanganyiko wa moja kwa hamsini, lita tano za petroli zinahitaji mililita 100. Kwa moja kwa ishirini na tano ni mililita 200. Someni kitabu cha mashine kinataka upi. Petroli ya chupa ya barabarani ichujeni, na mashine ikienda kulala masika yote, mwageni tanki, kisha iwasheni mpaka izime yenyewe ili raba zisikakamae.

Banda nimelikabidhi kwa sharti lilelile la Mzee, nikaongeza langu moja. Mashine ikiletwa kwa madai kwamba opareta ameiua, hakuna karatasi itakayotoka pale kabla pistoni haijatolewa na opareta mwenyewe kuitwa aione. Chensoo moja inaweza kugharimu mshahara wa miezi kadhaa wa mtu wa shambani, na neno la fundi ndilo linaloamua deni hilo litabebwa na nani. Mteja akikasirika akaondoka, mwacheni aondoke.