Mzinga na Gurudumu Lake: Fikra juu ya Kumbukumbu za Vita katika Uwanda wa Kati

Neno mzinga hutumiwa na mrina asali na mwanajeshi, kila mmoja kwa maana yake. Kwa mkaazi wa Manyoni au wa Kondoa, mzinga kwanza ni gogo lililochongwa likawa tupu ndani, kisha likatundikwa mtini ili nyuki waingie na kutengeneza asali. Kwa mkaazi wa Unguja au wa Mombasa, neno hilo hilo huleta upesi fikra ya bomba zito la chuma au la shaba lililoelekezwa baharini. Yamkini ni umbo lililozikutanisha maana hizi mbili, kwani vitu vyote viwili ni virefu, vya mviringo na vitupu ndani. Hata hivyo, ipo tofauti moja kubwa. Mzinga wa nyuki hutundikwa ukaachwa mahali pake, ilhali mzinga wa vita hauna kazi mpaka upate kitu cha kuubeba. Kitu hicho, ambacho Kiswahili hukiita gurudumu la mzinga, ndicho kinachosahauliwa mizinga inapowekwa hadharani ili iwe kumbukumbu. Na pamoja nacho husahauliwa watu.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote katika Afrika Mashariki ni ule wa mizinga miwili ya Kireno iliyokaa kwa miaka mingi mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mjini Unguja mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash. Mizinga hiyo ni ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Madini hayo hayaliwi na kutu kama chuma, na hupokea nakshi kwa urahisi. Ndiyo maana wafalme waliyapenda, ingawa bei yake ilikuwa kubwa. Juu ya shaba hiyo Wareno waliweka alama za ufalme wao. Baadaye, Waajemi walipoiteka Hormuz mwaka 1622 katika enzi ya Shah Abbas, nao waliongeza maandishi ya lugha yao kuutangaza ushindi huo. Hivyo kipande kimoja cha madini kimekuwa ukurasa ulioandikwa na mataifa mawili, na kila moja limejisifu kwa zamu yake.

Mtazamaji husoma ukurasa huo akaridhika. Ni nadra kuuliza mizinga hiyo ilikaliaje, ilisogezwaje, na nani aliyeisogeza. Gurudumu la mzinga lilikuwa kifaa chenye fikra nyingi. Katika jahazi lilikuwa fupi na pana, lenye magurudumu manne madogo, ili mzinga urudi nyuma kwa kishindo cha baruti bila kuipasua sitaha, kisha uvutwe kwa kamba mpaka mahali pake. Katika nchi kavu lilikuwa na magurudumu mawili makubwa na mkia mrefu wa kukita ardhini. Vishikizo viwili vilivyotoka ubavuni mwa mzinga ndivyo vilivyolala juu ya gurudumu hilo, na kwavyo mdomo uliweza kuinuliwa au kushushwa. Lakini kifaa hicho kilikuwa cha mbao, na mbao huliwa na mchwa, mvua na chumvi. Shaba hubaki, mti huoza. Kwa hiyo mizinga mingi ya kale inayoonekana leo imelala juu ya saruji au juu ya mbao zilizochongwa upya, na anayeitazama huona bomba ambalo sauti yake imebaki lakini miguu yake imekatwa.

Suala hili huonekana kuwa la pwani tu, na msomaji wa Dodoma angeweza kusema kwamba halimhusu. Historia inaonyesha kinyume chake. Mizinga iliyoacha alama nzito kuliko yote katika maisha ya watu wa uwanda wa kati ilitoka baharini, nayo ilifika huko kwa sababu tu ya magurudumu iliyopewa.

Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya chuma cha pua, yenye kipenyo cha sentimita 10.5. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar na kuizamisha. Baadaye ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa humo na Waingereza. Meli ilikufa, lakini mizinga yake haikufa. Ilitolewa majini yote kumi, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa. Hapo palizuka tatizo la ufundi: mizinga ya manowari hufungwa kwenye sitaha, haina magurudumu. Ikabidi karakana za Dar es Salaam ziiundie magurudumu ya nchi kavu. Bila kazi hiyo, mizinga hiyo ingebaki vyuma vya pwani. Baada ya kazi hiyo, iliweza kupandishwa garimoshi na kupelekwa bara kwa reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914.

Mwaka 1916 vita vilifika katika uwanda wenyewe. Mwezi Aprili majeshi ya Afrika Kusini, yakiongozwa na Jenerali van Deventer, yaliuteka mji wa Kondoa-Irangi. Mwezi Mei Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck waliushambulia mji huo ili kuurudisha mikononi mwao, na sauti ya mizinga ya Königsberg ikasikika katika vilima vya Warangi, mamia ya kilomita kutoka baharini. Shambulio hilo halikufaulu. Tarehe 29 Julai 1916 Dodoma yenyewe ilitwaliwa.

Ramani ya jeshi huonyesha safari hizo kwa mshale. Ardhi haina mshale. Kutoka njia ya reli hadi Kondoa ni takriban kilomita 150, na bomba la mzinga mmoja tu lilikuwa na uzito wa tani moja na nusu hivi, mbali na gurudumu lake na risasi zake. Mahali penye mbung'o ng'ombe wa kuvuta hawakudumu. Mahali walipokosekana ng'ombe walifungwa kamba binadamu. Kwa hakika, gurudumu la mzinga halikuishia kwenye chuma na mti; lilikuwa na sehemu ya tatu, nayo ni mabega ya watu.

Watu hao walitolewa vijijini pamoja na chakula chao. Jeshi la Wajerumani lilichukua nafaka, ng'ombe na vijana. Lilipoondoka, jeshi la Waingereza likaja na mahitaji yale yale. Ukame ulipofuata, ghala zilikuwa tupu na mikono ya kulima ilikuwa imepungua. Wagogo waliuita msiba huo Mtunya. Ulidumu tangu mwaka 1917 hadi 1920, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa, katika nchi iliyokuwa na watu kiasi cha 150,000. Hakuna mzinga uliowapiga wengi wao. Walikufa kwa sababu ya yale yaliyohitajika ili mizinga isogee na askari wale.

Mizinga yenyewe ilipata wakfu wake. Mmoja umewekwa Pretoria, mwingine Mombasa karibu na Ngome ya Yesu, mwingine Jinja. Waliovuta hawakupata heshima kama hiyo. Sanamu ya bronzi ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, inamwonyesha askari peke yake na bunduki yake. Ile ya Nairobi angalau imempa mpagazi nafasi kati ya watu watatu. Pengine lugha imewakumbuka wapagazi kuliko sanamu: Kariakoo, jina la soko na mtaa, limetokana na jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ingawa wengi wanaolitaja kila siku hawajui kwamba wanawataja wafu.

Wapo watakaosema kwamba mizinga ya wakoloni haistahili kutunzwa, na kwamba kuisafisha ni kuwasafisha walioifyatua. Hoja hii ina uzito, lakini haifiki mwisho. Kuitupa mizinga ni kulitupa swali pamoja na ushahidi wake. Kosa halimo katika kuiweka hadharani, bali katika kuiweka nusu. Kibao kinachotaja kipenyo cha bomba, jina la meli na jina la jenerali, kisha kikanyamaza juu ya gurudumu na kamba, kimeandika historia ya chuma, hakijaandika historia ya nchi.

Dodoma ina sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, na katika miaka ya karibuni serikali imehamia huko. Sherehe za Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, zimefanyika katika mji huo pia. Siku hiyo huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mshale. Na mizinga hupigwa kwa heshima ya waliokufa. Vitu hivyo vyote ni vya mpiganaji. Kata ya kichwani, kamba na mzigo havimo. Mji mkuu uliojengwa juu ya ardhi ya Mtunya hauhitaji kutafuta mzinga wa kuupamba uwanja wake. Ungetosha kuweka gurudumu moja la mzinga, tupu, lisilobeba kitu, na kamba ndefu mbele yake. Chini yake yaandikwe, kwa Kiswahili, Kigogo na Kirangi, majina ya vijiji vilivyotoa watu na miaka ambayo watu hao hawakurudi. Mtoto atakayesimama hapo atauliza mzinga wenyewe uko wapi. Mzazi atakayemjibu itambidi aanze na waliouvuta.